Pindo la Sketi ya Bluu

Mama Rahel alifariki wakati watu wako mashambani wanavuna pamba, na aliyenipigia simu ni mume wake mwenyewe, Mwinjilisti Yakobo, ambaye hajawahi kuipenda simu. Alisema tu, Kabula, mama yako ametutoka, nami nikasikiliza pumzi zake hapa Sola, nimesimama katikati ya shamba na pamba mkononi. Kabla hajakata akaniambia niwahi, kwa sababu kuna neno ambalo Mama Rahel alimwachia anipe, na ni lazima anipe kabla hatujamzika. Mimi sikuwa binti yake wa kumzaa. Niliishi nyumbani kwake Bariadi mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka kumi na tisa, na mpaka leo nikiulizwa nani alinilea katika imani ninamtaja yeye kabla ya mchungaji yeyote. Nilifika kesho yake mchana nikamkuta mzee amekaa kwenye kiti cha kamba nyuma ya jiko, mbali na turubai la waombolezaji, kofia yake magotini. Nilimpigia magoti nikamsalimu, akaitikia, akanishika mkono. Halafu akaniuliza kama naikumbuka ile sketi yangu ya kwaya, ile ya bluu. Niliogopa kwamba majonzi yamemchanganya akili. Ana miaka zaidi ya themanini, mke wake amelala kwenye jeneza sebuleni, na yeye anaulizia sketi ya miaka arobaini iliyopita. Lakini nilipotazama macho yake nikaona yuko timamu kabisa, na sketi ile naikumbuka kuliko nguo zote nilizowahi kuvaa.

Mwaka ule hakukuwa na mkoa unaoitwa Simiyu. Bariadi tuliihesabu Shinyanga, mji wenyewe ulikuwa barabara ya vumbi, maduka machache na ghala la pamba. Nyumba ya mwinjilisti ilikuwa na vyumba vitatu. Sebuleni kulikuwa na meza yenye kitambaa alichofuma Mama Rahel, na viti vinne ambavyo sisi wa nyumbani hatukuvikalia. Vilikuwa vya wageni, na wageni hawakukosekana. Chumba changu kilikuwa pia stoo. Nilipofika mwanzoni mwa mwaka, wakati pamba bado inapaliliwa, nililala pamoja na majembe na debe la mahindi. Ilipofika mavuno nikalala pamoja na magunia ya pamba yaliyopanda mpaka karibu na bati, na mpaka leo nikinusa pamba iliyokaa ndani narudi kwenye chumba kile. Nilikuwa nimetumwa na kanisa letu la Sola kusoma darasa la ubatizo. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu iliyoandikwa kwenye barua. Sababu niliyoijua mimi, na aliyoijua Mwalimu Sayi wa kwaya ya Bariadi aliyeiomba hiyo barua iandikwe, ni kwamba nilikuwa na sauti. Sisemi hivi kwa kujigamba, au labda ninajigamba, umri huu sijui tena tofauti. Nikianzisha wimbo, wanaume waliokuwa nje ya kanisa wanafunga baiskeli zao walikuwa wanaacha kufunga.

Mama Rahel hakuonekana kuguswa na sauti yangu hata kidogo. Jumapili ya kwanza watu walinizunguka nje ya kanisa, wengine wakinishika mabega, na yeye akaja akaniambia kwamba maji yameisha kwenye mtungi. Aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kabla hajatembea. Waliofuata wawili nao hawakukaa, na baada yao hakupata mwingine. Hayo sikuambiwa na yeye. Niliyasikia kwa wanawake waliokuja kutwanga, wakiongea kwa sauti ya chini wakidhani niko kisimani. Alikuwa mwembamba, mkimya, mwenye macho makavu, na alikuwa na desturi zake ambazo nilizifuata kwa kununa. Jumamosi tunafagia kanisa. Jumatano tunakwenda kwa wagonjwa. Chakula kikiiva, anachukua sahani ya kwanza anaifunika na kuiweka pembeni kwa ajili ya mtu ambaye hajaja, na mara nyingi kweli mtu alikuja. Tulikula ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, na asubuhi tulikula michembe, viazi vilivyokatwa na kuanikwa juani, tukishushia na maziwa ya mgando yanapokuwepo. Mimi niliona mambo hayo yote ni kazi za nyumbani. Nilidhani kumfuata Yesu kutaanza Jumanne na Alhamisi jioni, pale mzee atakapofungua daftari la mafundisho.

Kitu kimoja tu kilinishangaza tangu mwanzo. Alfajiri, kupitia ukuta wa udongo, nilimsikia akisali kwa sauti, kwa Kisukuma, na mwisho siku zote alisema Sala ya Bwana. Akifika pale tunapoomba mapenzi ya Mungu yafanyike, ananyamaza. Wakati mwingine kimya hicho kilikuwa kifupi, wakati mwingine kilikuwa kirefu mpaka nikadhani amelala, halafu anaendelea na mkate wa kila siku. Siku moja tukichambua mchele nikathubutu kumuuliza. Hakuchukia. Alisema baada ya kumzika mtoto wa tatu alikaa mwaka mzima bila kuweza kulisema neno lile, alikuwa analiruka tu, na mzee wake alilijua hilo na hakumkaripia.

"Sasa nalisema," akaniambia, "lakini kwanza nasimama nijiulize kama nalitaka kweli. Siku nyingine silitaki, mayu. Basi nangoja mpaka nilitake."

Mayu ni mama, ndivyo wakubwa walivyotuita wasichana kwa upole. Nilimwambia wabeja, ndiyo asante yetu, nikarudi kwenye mchele wangu. Umri wa miaka kumi na tisa hauelewi jambo kama hilo.

Sasa nieleze kuhusu mashindano, kwa sababu bila hayo hakuna atakayeelewa nilichofanya. Kwetu Usukumani, baada ya mavuno, vikundi vya ngoma vinashindana, na hakuna anayetoa alama. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watu wanahama kwenda pale wanapovutwa. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Na kila mcheza ngoma anajua kwamba watu hawahami hivi hivi. Kila manju, yaani kiongozi wa nyimbo, ana dawa yake ya mvuto na ana dawa ya kujikinga na dawa ya mwenzake. Sisi wa kanisani tulikuwa tumeziacha ngoma, lakini tulipopata kwaya tukazishindanisha vilevile. Mkutano wa kwaya wa Maswa ulikuwa na majaji wenye karatasi, kila kwaya inapanda kwa zamu, wachungaji wamekaa mbele, na hakuna aliyejali. Tulichongoja ni alasiri, wachungaji wakishaenda kula. Hapo kwaya mbili zilizosifiwa zaidi zilikuwa zinasimama pande mbili za uwanja na kuimba pamoja, kila moja wimbo wake, na watu wanahama. Mwaka uliotangulia kwaya ya Bariadi ilibaki inaimbia miti. Mwalimu Sayi aliniambia hilo siku ya kwanza nilipofika, akiwa na machozi machoni, mtu mzima.

Kwa hiyo shangazi yangu alipokuja kunitembelea, wiki chache kabla ya mkutano, na kuniuliza nimejiandaaje, nilijua anauliza nini. Yeye alikuwa mcheza ngoma wa zamani. Alinichukua nikaaga kwamba naenda naye kusalimia ndugu, na kweli tulisalimia ndugu, ila kabla ya hapo tulipita Mwamapalala kwa manju mmoja mstaafu, mzee mpole aliyekuwa analisha kuku. Nilitarajia pango na mafuvu. Alituuliza habari za mvua, akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha kitambaa cheusi kidogo kuliko ncha ya kidole gumba, kimeshonwa pande zote. Akasema nikiweke kwenye vazi la kuimbia, nisikifungue kamwe, na watu watakuja. Shangazi alimpa jogoo. Njiani nilijipa maneno. Nilijiambia kwamba ninaimba habari za Mungu, na watu wakija kwangu si wanakuja kwa Mungu? Nilijiambia kwamba wale wa Maswa nao lazima wanacho cha kwao. Dhamiri ilisema, nikatia pamba masikioni. Siku hiyohiyo, nikiwa peke yangu chumbani, nilifumua pindo la sketi yangu ya kwaya, nikakipachika kile kifurushi kwenye kona ya mshono na kulirudishia pindo kwa uzi wa bluu, mishono mikubwa iliyopinda kama njia ya mbuzi.

Kitambaa cha sketi zile kilipatikana kwa taabu, enzi hizo hata sabuni ilikuwa ya kupangia foleni, kwa hiyo siku mbili kabla ya safari sketi zote ziliagizwa ziletwe kwa Mama Rahel zipigwe pasi. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na pasi ya mkaa na mkono wa kutounguza. Nilikuwa nimeenda mazoezini, na niliporudi nikakuta sketi zote kumi na mbili zimekunjwa mezani, ya kwangu ya tatu kutoka juu. Nikaibonyeza kona ya pindo na vidole, nikakuta kifurushi kipo. Mama Rahel alikuwa jikoni anasonga ugali. Aliniambia nikaite wageni wanawe mikono, akanipa sahani ile ya pembeni nimpelekee bibi kizee wa jirani, na hapakuwa na lolote usoni pake.

Maswa tuliwazoa. Sina neno lingine. Alasiri ile tulisimama upande wa mashariki wa uwanja, jua linatupiga machoni, na kwaya ya wenyeji upande wa pili, wenye gitaa na ngoma mbili. Nilianzisha wimbo na kwa dakika chache hakuna lililotokea. Kisha akaja mama mmoja na mtoto mgongoni. Wakaja vijana wanne. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu tena, watu walivuka uwanja kwa makundi, wengine wakikimbia, vumbi likapanda, na mwisho hata mpiga ngoma wao mmoja aliacha ngoma yake akaja kusimama kwetu. Niliimba mpaka mate yakakauka. Mwalimu Sayi alikuwa analia waziwazi. Watu walitoa ushuhuda, wengine walipiga magoti wakataka kuombewa, na wazee waliomba wakimshukuru Roho kwa kutembea juu yetu. Mimi nilisimama katikati yao, mkono wa kushoto umeshika pindo la sketi, nikijua kilichowavuta ni nini.

Furaha ilidumu wiki mbili, baada ya hapo ikawa mateso. Tulialikwa huku na huku, na kila mahali nilikwenda na sketi ile. Nilimkataza mtu mwingine yeyote kuifua. Mazoezini, nikiwa nimevaa gauni la kawaida, sauti ilinitoka imekonda, inatikisika, na Mwalimu Sayi akasema nimechoka, nipumzike. Ninajua leo kwamba ilikuwa ni woga. Wakati ule niliamini kwamba sauti yangu ya kuzaliwa imekufa na iliyobaki ni ya kifurushi. Jumanne na Alhamisi niliendelea kukaa darasani, nikijibu maswali ya mzee kuhusu kumwachia Bwana vyote, nikijibu vizuri kuliko wenzangu wote, maana kichwa changu hakikuwa na shida. Alinisifu. Nilirudi kulala kando ya magunia yale ya pamba huku nikijichukia.

Ikaja Jumatano moja, kabla ya mvua za kwanza. Tulikwenda na Mama Rahel kwa mama mmoja mgonjwa, mjane aliyeishi mwisho wa mji, tuliyekuwa tukimpelekea uji tangu mwanzo wa mwaka. Tulimkuta amebadilika. Alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango kwa sababu ya joto, pumzi zake zinakuja moja moja. Alinitambua. Akasema kwa Kisukuma, sauti haitoki vizuri, kwamba alisikia habari za Maswa lakini hakuweza kwenda, basi nimwimbie hapa. Mama Rahel akanitazama akangoja. Nilikuwa nimevaa khanga. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka, hata mkwaruzo, na yule mgonjwa ananitazama kwa macho makubwa, anangoja. Nikasema nimesahau kitu nyumbani, narudi sasa hivi. Nikatoka mbio. Nilikimbia mji mzima mchana wa jua kali, nikavaa sketi ya bluu juu ya khanga, nikarudi mbio, na kabla sijafika mlangoni nikamsikia Mama Rahel akiimba. Alikuwa hajui kuimba. Alikuwa anapanda pale pa kushuka, na kushuka pale pa kupanda, polepole, kichwa cha yule mama kikiwa mapajani pake. Nilisimama mlangoni na sketi yangu ya ushindi. Mgonjwa alikuwa ameshakata roho. Mama Rahel aliendelea mpaka mwisho wa ubeti, akamfumba macho, ndipo akaniangalia, kwanza sketi, halafu uso.

"Njoo unisaidie kumnyoosha, ng'wanawane," akasema.

Mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo kabla. Nilimnyoosha yule mama nikiwa nalia kiasi kwamba sikuona mikono yangu. Jioni ile, kwenye mafiga, kabla hata sufuria haijashuka, nilimweleza yote, Mwamapalala, jogoo, kifurushi, Maswa, yote. Alisikiliza akichochea moto. Nilingoja aniulize kwa nini, au anipige, au alie. Aliniuliza nataka kukifanyia nini kile kitu. Nikasema nataka kukitoa mbele ya kanisa, kama wanavyofanya wengine wanaobatizwa wanapoleta hirizi zao zichomwe. Akakaa kimya, kimya kile cha alfajiri, akaniangalia kama mtu anayetaka kusema jambo. Kisha akasema ni sawa, tutamwambia mzee. Nilipokwenda kufumua pindo ilinichukua muda. Mishono ilikuwa midogo, imenyooka, imebana, na nakumbuka nilijiuliza nilijifunza lini kushona vizuri namna ile.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watu nikasema. Mwalimu Sayi alitoka nje katikati ya maneno yangu. Wale waliokuwa wamenishika mabega waliangalia chini. Mwinjilisti Yakobo alikipokea kifurushi kwa koleo la jikoni, akakikemea kwa sauti iliyosikika hadi sokoni, akakitupa kwenye moto nje ya kanisa. Kililia kidogo, paa, kikatoa harufu ya mafuta ya pamba, nami sikushangaa kwa kuwa kwetu msimu huo kila kitu kinanukia pamba. Nilitengwa na kwaya mwaka mzima. Lakini mvua zilipojaza lambo nilibatizwa na wenzangu, na maji yaliponifunika sikuomba chochote, nilisema tu moyoni chukua, na nilimaanisha. Siku ile naishika mpaka sasa. Sauti yangu niliitoa pale. Nilipomaliza mwaka wangu wa kutengwa, nimesharudi Sola, na wazee wa kwetu wakaniita nirudi kuanzisha nyimbo, nilikataa. Nikakaa mstari wa nyuma, sauti ya pili, na nimekaa hapo miaka arobaini. Mama Rahel aliniomba nianzishe wimbo siku ya harusi yangu, nikakataa. Aliniomba tena alipokuja Sola kumwona mtoto wangu wa kwanza, nikamwambia, mama, ile sauti nilishamwachia Mungu. Aliniomba mwaka jana kwenye simu, kikohozi kimemshika, nikamjibu maneno yaleyale. Watu wa kanisa letu wanasema hawajaona mwanamke mnyenyekevu kama mimi. Ninapenda wanavyosema hivyo.

Ndiyo sketi aliyokuwa ananiulizia mzee nyuma ya jiko. Nikamwambia naikumbuka, Baba. Alivaa kofia yake, akaivua tena.

"Mama yako alilifumua lile pindo alipokuwa anapiga pasi," akasema. "Kilichokuwa ndani alikitupa chooni siku ileile. Akachukua mbegu ya pamba kwenye gunia la chumbani kwako, akaishona kwenye kitambaa chako kilekile, akarudishia. Halafu akaenda kusonga ugali."

Sikuelewa. Alirudia polepole, kama zamani darasani. Maswa sikuwa na dawa. Kwenye mialiko yote sikuwa na dawa. Mchana ule nilipokimbia mji mzima nilikuwa nimekimbilia mbegu ya pamba. Akasema yeye aliambiwa jioni ya ile Jumapili, baada ya moto, na alimkasirikia mkewe siku nyingi, kwa sababu yeye ni mtumishi wa Mungu na alikuwa ameikemea mbegu ya pamba mbele ya kanisa zima. Hapo karibu atabasamu, midomo ikamtetemeka. Alitaka niambiwe palepale. Mama Rahel akakataa. Alisema, Kabula akijua leo atarudi kuimba kwa sababu alishinda, nami nilimwona Maswa alivyokuwa. Acha kwanza atubu, kosa lake ni la kweli hata kama dawa haikuwepo. Siku atakapoitwa akaitika bila kujua chochote, siku hiyo nitamwambia.

"Akakungoja," mzee akasema. "Ukawa mkaidi."

Nilinyanyuka nikaenda kusimama nyuma ya ghala dogo la unga. Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilimkasirikia marehemu kabla hajazikwa. Miaka arobaini amekaa na neno ambalo lingeniponya kwa sentensi moja, akaniacha niamini kwamba hakuna mtu aliyewahi kuvutwa na kitu nilichopewa na Mungu. Nilimgombeza moyoni kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Nilisimama pale mpaka wanawake wakaja kuchota unga, wakaniona, wakadhani nalia msiba, wakanishika. Na katikati ya mikono yao, polepole, nikaanza kuona aliyoyaona yeye. Mara tatu niliitwa, na mtu aliyewafumba wafu macho mbele yangu na kunilea, na mara tatu nilijibu kwamba nimeshatoa. Nilikuwa nimeitoa sauti na nikakaa juu yake nisije nikaombwa. Mungu hakuwa na ruhusa ya kunirudishia. Niliyoyaita kujisalimisha, mengine yalikuwa ni kiburi kilekile cha Maswa, kimehamia mstari wa nyuma. Sijui kama alifanya sawa kunificha. Nadhani mzee naye hajui. Ila niliona kwamba hata leo, baada ya kusikia, jambo la kwanza lililopita kichwani mwangu ni kwamba basi niliwashinda wale wa Maswa kwa haki, na nikaona aibu hadi masikio yakawaka.

Nilimrudia mzee nikamwambia nimesikia. Akasema kuna sehemu ya pili. Mama Rahel aliagiza kwamba kaburini mimi ndiye nianzishe wimbo, nikikubali. Nikamwambia ukweli, kwamba sauti yenyewe imekwisha, nina kifua, na ile kwaya ya vijana ina vipaza sauti na kinanda na binti mwenye sauti nzuri sana. Mzee akanitazama kwa upole.

"Hakuagiza sauti," akasema. "Aliagiza uanzishe."

Tulimzika saa kumi, kwenye shamba lao, upande walikolala watoto wake watatu. Watu walikuwa wengi, wengine wamesimama kwenye mistari ya pamba ambayo haijavunwa. Mchungaji alipoongoza Sala ya Bwana, nilifika pale pa mapenzi yake nikakwama, wenzangu wakanipita wakaenda kwenye mkate, kwenye makosa, mpaka mwisho, na mimi bado nimesimama palepale. Nilijiuliza kama nalitaka. Ilinichukua muda. Kisha nikalisema, peke yangu, kwa sauti ya chini, watu wameshasema amina. Mchungaji akaniashiria kwa kichwa. Niliuanza wimbo kwa sauti ya juu mno, kama vikongwe wote, na neno la tatu likapasuka. Vijana wa kwaya waliangaliana wakitafuta nimeuanzia wapi. Wanaume walishachukua makoleo wanafukia, udongo unashuka kwa kishindo, watoto wanaitwa wasogee, na hakuna aliyeacha alichokuwa anafanya ili anisikilize. Wachache wakaitikia, halafu wengine. Nilikuwa nimefika ubeti wa pili ndipo nikagundua kwamba sijatazama watu wamesimama upande gani. Nikafumba macho nikauimba mpaka mwisho.